Posho ya Bi Nyamvula

Paliondokea karani wa mahakama, Mhando, aliyeshika posho za wazee wa baraza, wale raia wanaoketi na hakimu kuamua kesi. Kila mzee akidai posho, Mhando alimwambia, "Ulisinzia," akaitia mfukoni mwake.

Siku moja ikawa zamu ya Bi Nyamvula, muuza mihogo. Aliacha biashara kutwa nzima, na nauli ya kurudi hana.

"Bibi, ulisinzia tangu shahidi wa kwanza mpaka wa mwisho," Mhando alimwambia mbele ya hakimu. "Posho huna."

"Huenda, mwanangu, uzee huu. Basi nisomee walichosema, nisije nikamfunga mtu bure. Au nawe ulipitiwa?"

"Mimi? Nimeandika neno kwa neno!"

"Hukupumzika kidogo ukatazama watu?"

"Thubutu! Sikuinua uso kwenye karatasi hata mara moja. Muulize hakimu."

"Kweli kabisa," hakimu akasema.

"Hongera, mwanangu. Sasa nani aliyeniona nimesinzia?"

Hakimu akamgeukia karani. Mhando akatia mkono mfukoni, akatoa posho.

"Na ya Mzee Kibindu aliyesinzia jana," Bi Nyamvula akasema, "nipe tu, nitampelekea."