Saa ya Gadi Sizya

Kikuukuu hakifanywi kipya, hufanywa kizima. Leo mmemsikia seremala akimwambia mama yenu maneno hayo, mkaangua kicheko. Chekeni tu, meno ni yenu. Lakini kwa kuwa mmeuliza yametoka wapi, kaeni chini mtulie. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Tabora, enzi zile watu wa mji huu walipopanga siku zao kwa honi ya treni.

Palikuwa na fundi saa aliyeitwa Mrisho, mwenye banda nyuma ya soko. Mikono yake ilikuwa na baraka, wallahi, ila na maringo nayo hayakumpita kando. Ukimpelekea saa mbovu, hakuridhika itembee tu. Alitaka ing'ae mpaka wewe mwenyewe uitilie shaka kama ni yako. Watu walimsifu kwa hilo, naye sifa alizipenda kama mtoto apendavyo miwa.

Siku moja akaja Bi Kalunde, mjane wa Sizya aliyekuwa gadi wa treni. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa saa ya mfukoni, nzito, ya zamani sana, ya aina ile iliyokuwa na kengele ya kuamshia ndani yake. Kifuniko cha mgongoni kilifunguka kikawa kiguu cha kuisimamishia mezani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hii ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mume wangu alfajiri aende stesheni. Aliisimamisha kwenye sahani ya bati, ikilia hata jirani anaamka. Sasa imekufa."

"Itatembea, bibi, ondoa shaka."

"Kutembea si shida yangu. Nataka ilie." Akaisukuma saa mbele ya fundi. "Sauti ya Sizya imenitoka, baba. Sura yake ninayo, sauti naitafuta siipati. Nikipoteza na ya saa yake, nitabaki na nini?"

Mrisho aliishika kazi ile kwa moyo wote, hilo tusimdhulumu. Alitandika kitambaa cheupe, akatoa kipande kimoja kimoja kwa kibano, akakipanga kila kimoja kwa zamu yake ya kutoka, maana cha mwisho kutoka ndicho cha kwanza kurudi. Vigurudumu vikaoga petroli, kutu ikatoka, mafuta yakatiwa kwa ncha ya sindano. Akafika kwenye kinyundo cha kengele. Akaweka lenzi jichoni, akacheka peke yake. Kinyundo kilivunjika shingo zamani, na mtu alikuwa amekifunga kwa waya wa shaba, akauzungusha na kuuzungusha kama anayefunga mbuzi.

"Lo! Kazi ya fundi baiskeli hii!" akasema. Akakitoa, akachonga kingine cha chuma, kimenyooka. Kisha akasugua kasha lote, mikwaruzo ikafutika, ukawa unaweza kuona meno yako humo.

Bi Kalunde aliporudi, Mrisho aliitia saa ufunguo mbele yake. Kriiing! Ikalia mlio mtamu, safi, mpaka wachuuzi wakageuka. Mrisho akakaa mkao wa kusifiwa. Bibi wa watu akatokwa na machozi, na hayakuwa ya furaha.

"Haikupendezi, bibi?"

"Inapendeza sana, baba. Lakini huyu anayelia simjui."

"Ni ile ile, bibi! Mimi mwenyewe nimeifungua!"

"Ya Sizya ilikwaruza. Ilikuwa kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Ilimvunjikia safarini, akaokota kipande cha waya kando ya reli, akaifunga mwenyewe kwa kisu na meno. Alijivunia waya ule, baba! Kila mgeni lazima aelezwe."

Mrisho alihisi uso unawaka. Alikuwa amemcheka marehemu kwenye saa yake mwenyewe.

Sasa, mafundi saa wa zamani walikuwa na desturi yao: kilichotoka ndani ya saa hakitupwi mpaka mwenyewe aondoke na saa yake. Hukaa kwenye kopo. Mrisho akalimwaga kopo lake lote juu ya kitambaa, akainama na lenzi, akapekua skrubu na vioo vya watu jasho likimtiririka. Akakipata kile kinyundo, waya bado umekizunguka. Akaifungua saa upya, bibi akitazama. Waya ule hakuunyoosha. Aliukaza tu pale ulipolegea.

"Na mikwaruzo ya mgongoni?" Bi Kalunde akauliza. "Ile ilikuwa ya kucha zake, kila jioni akiifungua."

"Ile nimeifuta, bibi. Nisamehe. Hairudi tena."

Bi Kalunde akatikisa kichwa. Hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu.

Mrisho akaazima sahani ya bati kwa mama muuza uji, akaisimamisha saa humo. Krrr-tak! Krrr-tak! Sahani nzima ikatetemeka. Akanyoosha mkono aizime, asimchoshe bibi wa watu.

"Acha!" Bi Kalunde akamdaka mkono. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa msichana. "Amesema! Nimemsikia! Kila alfajiri nikitaka kuizima alikuwa akiniambia, 'Acha ilie kidogo, Mama Nyanjige, acha ilie.' Ndiyo sauti yake, baba, ndiyo yenyewe hasa!"

Wakaiacha. Ikalia mpaka springi ikaisha, muuza uji kasimama na upawa mkononi, Mrisho anafuta macho wala hajifichi.

Toka siku ile, mtu akimletea kitu cha zamani na kumwambia, "King'arishe, fundi," Mrisho aliuliza kwanza kilikuwa cha nani. Akishajibiwa, ndipo humwambia: kikuukuu hakifanywi kipya, hufanywa kizima.