Tabutany na Zimwi Mla Sauti

Sogeeni, wanangu, hadithi imeshabisha hodi.

Hapo kale Waogiek walitoka kwenda kurina asali katika msitu wa Mau. Binti yao, Tabutany, alifuata nyuki, ukungu ukatanda, akapotea. Mara akaona zimwi limechutama mbele yake, kinywa kama pango.

"Asiye na wenyewe ni wangu," likasema. "Wewe u wa nani?"

Tabutany akajibu, "Wa mama yangu."

"Haya, mwite."

"Mama!" Zimwi likaachama, likaimeza sauti ile. Msitu kimya.

"Baba!" Likaimeza.

"Nyanya!" Likaimeza, likajilamba, likasogea hata pumzi yake ikamuunguza shavu.

Hapo Tabutany akaukumbuka wimbo wa asali. Kwao, mmoja akiuanza, kila ausikiaye huuitikia. Akauanza huku akilia. Zimwi likameza ubeti wa kwanza, lakini lilipokuwa likimeza, wa pili ukaponyoka. Juu ya mwerezi baba akaitikia. Mtoni mama akaitikia. Bondeni nyanya akaitikia, na ukoo mzima nyuma yake. Zimwi likageuka huku, likageuka kule, lisijue limeze sauti ipi. Likakimbilia ukunguni.

Mama akamkumbatia. "Nyamaza sasa, mwanangu, tuko nawe."

Tabutany akatikisa kichwa, akaendelea kuimba, maana aliogopa kunyamaza. Hakuna aliyemcheka. Waliitikia njiani, wakaitikia motoni, mpaka usingizi ukamchukua mapajani mwa nyanya yake.

Mzigo wa hadithi nimeutua. Aliyeupenda na ajitwike.