Mlango wa Korona

Uzio haumjui mwokozi. Methali hiyo mmeisikia leo kiwandani, vijana, fundi alipoukataa uzio usiofunguliwa kutoka nje, mkacheka. Haya, sikilizeni ilikotoka.

Zamani, kwenye shamba moja la mkonge kule Tanga, alikuwapo Mhina, mlisha korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Mkewe alikwishafariki, na nyumbani hakuwa na wa kumsemesha. Maneno yake yote aliyapata kazini, kwa watu waliosogea hadi ubavuni mwa mashine kumjulia hali, na kwa Bi Zaina aliyemletea uji wa saa nne.

Siku moja msichana aliyesogea kusalimia alinaswa kanga na mkanda wa mashine. Mhina aliwahi kuizima. Kanga ilichanika, msichana akapona.

Meneja akamwambia achague kizuizi mwenyewe, maana yeye ndiye aijuaye korona. Kulikuwa na nguzo zenye kamba, reli za chuma za kufika kiunoni, na mabati marefu yenye mlango mmoja. Kamba, alisema, watu wataiinua, reli wataziegemea. Akachagua mabati. Kila asubuhi majani yakishaingizwa kwa toroli, alifunga kufuli kwa ndani na ufunguo akautia mfukoni.

Watu aliwakinga kweli. Lakini tangu hapo hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Kikombe cha uji kilipitishwa chini ya mlango, naye akanywa peke yake akitazama bati. Upweke ulimla, akaona haya kulalamikia alichokichagua mwenyewe.

Asubuhi moja toroli lilipinduka likamlalia mguu. Akaita, lakini korona ilinguruma na sauti yake ikapotea humo humo. Bi Zaina alipofuata kikombe, alikikuta kimejaa, uji umepoa. Akainama akachungulia chini ya mlango, akaona nyayo za mtu aliyelala. Akapaza sauti kwenye ule upenyo, akatega sikio hapo hapo.

"Kaka Mhina, fungua."

"Sifiki mlangoni, dada. Ufunguo ninao mimi."

"Na sisi tulio huku tuna nini?"

Bi Zaina akakimbia kuita watu.

Watu wakaja na mitaimbo. Kuyang'oa mabati kulichukua nusu saa, na muda wote huo aliwasikia waliokuwa wakimsalimia zamani wakiliita jina lake, asiweze kumgusa hata mmoja. Mguu ulipona, ila akawa anauburuta.

Aliporudi kazini aliomba reli za kiunoni, zenye mlango unaoweza kufunguliwa kutoka nje. Meneja akamkumbusha kuwa watu wataziegemea.

"Waziegemee," akasema Mhina. "Uzio haumjui mwokozi, bwana. Unamzuia na yeye."

Siku ya kwanza ya reli, Bi Zaina alimpa kikombe mkono kwa mkono, akamwuliza ameamkaje. Mhina alikishika kikombe, machozi yakamtoka.

Basi msimcheke fundi. Uzio haumjui mwokozi.