Posa Haipokelewi kwa Kukaa

Kabla hujamwambia mzee wako "inuka upesi, wageni wamefika," soma kisa hiki. Kisha mtumie na ndugu yako anayekaa na wazee, maana ndiye anayehangaika nao.

Mzee Shemboza alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi. Siku hiyo walikuja kumposa. Katika ukoo wao posa haipokelewi kwa kukaa: baba wa binti husimama, akapokea sinia la posa kwa mikono miwili, ndipo mazungumzo yaanze.

Tatizo ni kwamba uzeeni kila akiinuka ghafla, kizunguzungu kilimshika na macho yakaingia giza. Juzi tu alianguka akitoka kitandani.

"Baba, tuwaambie utapokea umekaa," Mwanaidi alimsihi.

"Thubutu! Watasema ukoo wetu una kifafa. Watabeba sinia lao waondoke. Nani atakuja kukuoa tena?"

Mwanaidi akaenda kutandika mkeka sebuleni.

Wageni wakaingia, wakiongozwa na Bi Mwantumu, shangazi aliyemlea bwana harusi. Ni mkali, na neno lake ndilo la mwisho. Mama Mwanaidi alipokuja kuwasalimia, wageni wote waliinuka isipokuwa Bi Mwantumu. Alinyoosha mkono palepale kitini.

"Ametudharau huyu," wajomba wa Mwanaidi walinong'onezana. Nyuso zikakunjamana.

Wakati wa kupokea posa ukafika. Nyuma ya pazia, Mwanaidi alichungulia. Baba yake hakutaka kuonekana mzee, akajiinua mara moja kama kijana. Akanyoosha mikono. Mara magoti yakalegea, akaporomoka mkekani.

"Mzee kalewa!" alisema mgeni mmoja.

"Kalewa wapi? Huo ni ugonjwa," mwingine akajibu, akaanza kutafuta viatu vyake.

Mwanaidi akatoka mbio, akasahau kabisa kwamba anayeposwa haonekani. "Baba! Baba yangu!"

"Msimwinue!" Bi Mwantumu aliamuru. "Mlazeni hivyohivyo. Miguu ndiyo muiinue. Na maji yawe tayari, akizinduka anywe."

Haikupita muda, mzee akafumbua macho. "Wameshaondoka?" akauliza kwa sauti ya woga.

Wote walikuwa wakimtazama Bi Mwantumu. Alichezesha miguu yake kwanza. Akasogea ukingoni mwa kiti, akatulia kidogo. Kisha akainuka polepole, ameshikilia meza.

"Mmeninunia kwa sababu sikumwinukia mama wa binti," alisema. "Mimi nikiinuka ghafla presha inashuka, naanguka kama mzee wenu. Nilitaka kuwaambia, nikaogopa mtasema kijana wetu katoka ukoo wa kifafa."

Mzee Shemboza akamtazama, akaanza kucheka huku machozi yakimtoka.

Posa ikapokelewa mzee akiwa amekaa mkekani, na mila haikufa.

"Kesho umpeleke kwa daktari," Bi Mwantumu alimwambia Mwanaidi. "Sitaki mkwe wa mwanangu azikwe kabla ya harusi."

Funzo: Mzee anayechelewa kuinuka usimwite mwenye kiburi, na anayeyumba usimwite mlevi, mpe muda, muulize, mpeleke hospitali. Nawe mzee wetu, sema, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.