Waya Mbili za Sultani Zuheri

Hapo zamani, na msiniulize umeme ulitoka wapi maana mimi sikuwa fundi wake, palikuwa na Sultani jina lake Zuheri. Sultani huyu alipenda mambo mawili, nyimbo na pilau, na alichukia jambo moja tu, nalo ni kuambiwa asogee. Katika nchi ile kumwambia Sultani "sogea" lilikuwa kosa la kufungwa. Kinyozi wake alipata kusema, "Geuka kidogo, Maulana," na mpaka leo yumo gerezani. Aliyemfuata akawa ananyoa upande ule tu uliomwelekea. Basi ndevu za Sultani upande wa kulia zilichongwa vizuri, upande wa kushoto kichaka kitupu, na hapana mtu aliyethubutu kucheka.

Ikawa siku moja akaletewa kinanda cha santuri chenye spika mbili. Spika moja ikawekwa ukuta wa kulia wa baraza, ya pili ukuta wa kushoto, na baina yao dhiraa ishirini na nne. Kinanda chenyewe kikawekwa mkono wa kuume wa Sultani, maana hakutaka mtu mwingine akiguse. Taabu ni kwamba kiti chake cha enzi hakikuwa katikati. Kilibanwa pembeni, karibu na ukuta wa kulia, chini ya dirisha, na kila aliyeuliza sababu aliambiwa ni mila ya mababu.

Akaitwa Mcha, fundi wa waya. Mcha akakata waya fupi kwa spika ya karibu na ndefu kwa spika ya mbali, kama akili ilivyomtuma.

Sultani akafoka, "Ala! Masikio yangu ni ndugu wa tumbo moja. Mbona hili umelipa dhiraa mbili na hili ishirini na mbili? Nimesikia kwa masultani wenzangu waya hulingana!"

Mcha akakata upya, zote mbili dhiraa ishirini na mbili. Nyimbo zikalia, lakini waya iliyozidi ikabaki imejikunja miguuni pa Sultani, naye alipoinuka kuwapokea wageni ikamnasa, akaenda chini na kilemba chake mbele ya mabalozi watatu. Mcha akatiwa gerezani siku ile ile.

Sasa Mcha alikuwa na dada, jina lake Mize, na Mize alikuwa na mume, jina lake Vuai, fukara asiye na kazi maalumu ila kusema. Mize akamkamata mumewe kanzu, akamwambia, "Bwana we, mdomo huo unaonichosha nao mchana kutwa, leo kautumie kwa Sultani. Usirudi hapa bila kaka yangu." Vuai akaenda. Alimwogopa Sultani, lakini alimwogopa Mize zaidi.

Akafika barazani, akapiga magoti. "Maulana, nimekuja kutia waya. Nikiweza, nipe shemeji yangu."

"Na usipoweza?"

"Nifunge naye, angalau apate mtu wa kucheza naye bao."

Sultani akamwashiria Waziri Mahfudhi, naye akatangaza amri: waya mbili zilingane sawasawa, isizidi hata shibiri moja ya kukunjwa sakafuni, spika zisibanduke kutani, kinanda kisiondoke mkono wa kuume wa Sultani.

"Ndiyo yote?" akauliza Vuai.

"Ndiyo yote," akajibu Waziri, akimtazama kwa huruma. Dawa ya jambo lile kila mtu barazani aliijua, ilikuwa neno moja tu, lakini nani alitamke afungwe?

"Basi naomba iandikwe, ipigwe muhuri, na lisiongezwe neno."

Ikaandikwa. Vuai akapima baraza ukuta hadi ukuta, akakata waya mbili, kila moja dhiraa kumi na mbili. Hii akaifunga kwenye spika ya kulia, hii kwenye ya kushoto, akazinyoosha mpaka ncha zikakutana katikati ya baraza. Hapo akakaa chini, akakunja miguu.

"Umemaliza?" akauliza Sultani.

"Nimemaliza, Maulana."

"Mbona waya hazijafika?"

"Zimefika. Asiyefika ni Maulana."

Askari akashika upanga. Vuai akamkumbuka Mize anayemngoja nyumbani, akajikaza.

"Unaniamuru nisogee?"

"Audhubillahi! Mimi ni nani? Waya zimelingana, hazikuzidi, spika hazikubanduka, na kinanda kitakuwa mkono wako wa kuume popote utakapokuwa. Utakaa wapi, amri haikusema, nami sisemi. Waya zinangoja tu, Maulana. Hata mwaka zitangoja."

"Kiti hiki kiko hapa tangu enzi ya babu yangu!"

"Mashallah, babu yako alikuwa na pua. Alijuaje kwamba jiko lingejengwa nyuma ya dirisha hili mwaka juzi?"

Wakati huo huo mpishi akafunua sufuria, harufu ya pilau ikaingia dirishani, na tumbo la Sultani likanguruma wote wakasikia. Waziri akajiziba mdomo kwa kilemba, wapi! Kicheko kikamtoka puani. Askari naye akacheka, mara baraza zima, na mwisho Sultani mwenyewe akacheka mpaka kile kichaka cha ndevu kikatikisika.

Akainuka, akakibeba kinanda kwa mikono yake, akaenda katikati. Kiti kikaletwa nyuma yake, Vuai akafunga ncha, santuri ikazunguka. Fidla ikalia upande huu, ganuni upande ule, na sauti ya mwimbaji ikaja mbele ya uso wake kabisa. Machozi yakamtoka Sultani.

"Siku zote nimekaa pembeni," akasema, "na hakuna aliyeniambia."

"Ungemfunga, Maulana."

"Kweli. Ningemfunga."

Basi Mcha akafunguliwa, na kinyozi pia, akapewa upande wa pili wa ndevu. Vuai akapewa sinia ya pilau na barua yenye muhuri, kwamba yeye peke yake katika nchi nzima anayo ruhusa ya kumwambia Sultani "sogea".

Akarudi nyumbani kifua mbele, shemeji nyuma yake amebeba sinia. Mize akalia kwa furaha, akamkumbatia kaka yake, akatandika mkeka, akamketisha, naye akaketi kando yake, mkeka ukajaa. Vuai akasimama, akaikunjua barua.

"Sogeeni! Nina ruhusa ya Sultani."

Mize hakuinua hata jicho. "Hapa si kwa Sultani. Sogea wewe, unamkinga kaka yangu upepo."

Vuai akasogea.