Godoro la Bwana Khelef

Bwana Khelef, mwenye nyumba, alianza kuuza magodoro ya asili, akaamuru kila mpangaji anunue moja au ahame. Zamu ilipomfikia Bi Siwema, msuka mikeka, aliliminya godoro, akakuna kichwa.

“Ni la asili kweli, bwana?”

“Majani makavu matupu, bibi. Halina dawa hata tone.”

“Basi hata mbuzi atalila.”

“Atalila na kulamba midomo!” alijibu kwa sauti, wapangaji wote wasikie.

“Mbuzi wangu akila, nanunua mawili. Asipokula, hutamlazimisha mtu kununua, wala humhamishi yeyote.”

“Nimekubali, na hawa wote ni mashahidi!”

Kona ya godoro ikachanwa, majani yakawekwa mbele ya mbuzi. Mbuzi akanusa, akageuza shingo, akajilaza. Wapangaji wakaangua kicheko. Bwana Khelef akajitwika godoro lake, akaondoka bila kuaga.

Bi Siwema akamsukuma mbuzi wake ndani taratibu, maana mnyama alishindwa kutembea kwa shibe. Tangu alfajiri alikuwa akimlisha maganda ya ndizi, hadi akakataa mwenyewe.