Vuai Anakwenda Kuidai Barabara

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi na akili zao chache, palikuwa na mji uitwao Ndarama, na mtawala wake alikuwa Sultani Sefudini, bwana wa kilemba kikubwa na kichwa kidogo. Sultani huyu alikuwa na matarishi wa kuleta barua na mizigo ya watu kutoka miji ya mbali, na mkuu wao alikuwa mtu mmoja mnene, jina lake Badredini. Ilikuwa marufuku kutuma kitu kwa mkono mwingine. Basi ikawa vitu vinatumwa lakini havifiki. Barua inakuja imechanwa, mfuko unakuja mtupu, au usije kabisa. Na Badredini anazidi kunenepa.

Watu walipolalamika, Sultani akamtoa mpiga mbiu. Kuwakamata wezi? Thubutu! Kuwafundisha walioibiwa.

"Enyi watu wa Ndarama, jilindeni! Shoneni mifuko yenu mara mbili! Tieni muhuri wa lakiri! Msitangaze mnachotumiwa! Mngojeni tarishi langoni, msiwe wavivu!"

Shabash! Mwizi anakula sahani moja na Sultani, na anayekaripiwa ni mwenye mali.

Katika mji ule aliishi mjane, Bi Tausi, mwenye kishamba cha muhogo. Mwanawe alifanya kazi ugenini, na kila mwaka humtumia mamaye fedha ya kulipia kodi ya shamba, kwani asiyelipa hunyang'anywa. Mwaka ule kijana alishona mfuko mara mbili, akatia lakiri, asimwambie mtu. Bi Tausi naye akangoja langoni tangu alfajiri, kama alivyoamriwa. Tarishi akaja, akamtupia mfuko, akaenda zake. Nyuzi zilikuwa zimekatwa, na ndani mlikuwa na kokoto.

"Ijumaa wanakuja kulichukua shamba," akalia Bi Tausi. "Nitakula nini miye, kokoto?"

Aliyemsikia ni jirani yake Vuai, msuka makuti, hana mbele wala nyuma, ambaye muhogo wa shamba lile ndio uliomweka hai. Mjini walimwita mjinga, kwa sababu akiambiwa neno hulishika vile vile lilivyo.

"Futa machozi, Bi Tausi," akamwambia. "Twende kwa Sultani mwenyewe."

Wakaenda barazani, wakamkuta Sultani ameketi, kadhi kuliani na Badredini kushotoni. Bi Tausi akaeleza habari yake, akauweka mfuko mbele yao. Sultani hata hakuutazama.

"Badredini, wasemaje?"

"Maulana, sisi twauchukua mfuko kule, twauleta huku. Katikati hamna kitu ila barabara. Kama kuna aliyekula fedha, basi ni barabara."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Umesikia, bibi? Fedha yako imeliwa na barabara. Nenda kaidai! Na Ijumaa usipoleta kodi, shamba ni langu."

Mama wa watu analia mbele yao, nao wanacheka. Watu hovyo kabisa!

Vuai akapiga magoti. "Maulana, hiyo ni hukumu au ni mzaha?"

Sultani akaona haya kukiri kwamba anafanya mzaha barazani. "Ni hukumu! Mimi sifanyi mzaha."

"Na wengine walioibiwa, nao waidai barabara?"

"Wote! Waidai mpaka iwalipe!"

"Kadhi umesikia?"

"Nimesikia," akasema kadhi, mzee aliyekuwa amemchoka Badredini siku nyingi.

"Amri yako, Maulana," akasema Vuai.

Sasa barabara yenyewe, kutoka lango la mji hadi kasri, Sultani alikuwa ameitandika mawe ya kuchonga, apate kujivunia kwa Bibi Malkia wa nchi jirani. Bibi huyo alikuwa anakuja Ijumaa ile ile kumtazama Sultani, kabla hajamwoza bintiye.

Basi Vuai akachukua mtaimbo, akasimama katikati ya njia. "Wewe barabara, toa fedha ya Bi Tausi!" Barabara kimya. "Hutaki? Basi nachukua mali yako." Akang'oa jiwe. Watu wakamcheka, kisha wakaacha kucheka, kwa maana hapakuwa na nyumba isiyoibiwa. Aliyepotelewa na kanzu akaja na jembe, aliyepotelewa na mahari akaja na punda. Askari walipofika, kadhi akawaambia, "Waacheni, hii ni hukumu ya Sultani." Naye Sultani alikuwa ndani anapimwa joho jipya, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kisha mvua ikanyesha, ikanyesha hasa.

Ijumaa Bibi Malkia akaja juu ya machela, na wachukuzi wakazama topeni hadi magotini. Ikambidi ashuke atembee kwa miguu yake, amefura kwa hasira. Sultani akatoka mbio, joho likibururika matopeni.

"Nani ameiba barabara yangu?"

"Yako, Maulana?" akasema Vuai. "Wallahi hatukujua! Tuliambiwa ndiyo mwizi, tukaidai, haikuwa na fedha, tukachukua mawe. Kumbe ina mwenyewe! Ewe kadhi, ng'ombe wa mtu akila mazao ya jirani, hulipa nani?"

"Mwenye ng'ombe," akasema kadhi.

Sultani akatazama huku, akatazama huku. Kisha akatunisha kifua, akapaza sauti ili mgeni aisikie haki yake. "Badredini! Warudishie watu mali zao, sasa hivi!"

Badredini hakuwahi kuamriwa neno kama lile, akaropoka.

"Nirudishe fungu langu peke yake, Maulana, au na lako?"

Bibi Malkia akawaambia wachukuzi wake, "Geuzeni machela. Mwanangu haolewi hapa."

Basi Sultani akalipa, naye kadhi amesimama ubavuni pake. Wa kwanza alikuwa Bi Tausi. Akaipokea fedha ya mwanawe, akaitazama vizuri, kisha akatoa humo humo kodi ya shamba, akamtia Sultani mkononi.

"Kodi yako hiyo, Maulana. Nimeileta mwenyewe. Ningempa tarishi, isingekufikia."